Baba Nasra, hiyo ya mtungi wa jikoni acha kabisa

Kaka Baba Nasra,

Habari za huko Mbagala, shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku Tabata wazima, mama Tumaini anawasalimia sana na anasema ile ahadi ya kuja kula pilau bado anaidai. Meseji yako nimeisoma jana usiku nikiwa kwenye foleni ya gesi, nikataka nikujibu hapohapo kwa voisi afu nikaona hapana, hii sio ya kujibu kwa dakika moja, ngoja nifike nyumbani nikae niandike vizuri, maana nakwambia ukweli kaka, nimeogopa.

Umesema fundi wa hapo mtaani kakwambia atakufungia gesi kwenye gari lako la Spacio kwa laki sita na nusu, anatumia mtungi wa kilo 15 huu huu wa jikoni, anaulaza kwenye buti, ukiisha unaenda dukani unabadilisha kama shemeji anavyobadilisha wa nyumbani. Na ukaniuliza si gesi ni gesi tu. Kaka, gesi zipo mbili na hazifanani hata kidogo, na hapo ndo wengi wanapochanganya.

Hii ninayotumia mimi na hao unaowaona wamejipanga usiku ni gesi asilia, ile ya Songo Songo kule Kilwa, iligunduliwa 1974 ikakaa ardhini miaka yote hiyo mpaka 2004 ndo bomba likaifikisha Dar. Karibu yote ni methani. Haikubali kuwa maji, yaani kimiminika, kirahisi, mpaka uipoze chini ya nyuzi 160 za baridi, kwaiyo kwenye gari inagandamizwa tu, inasukumwa ndani ya mtungi mpaka presha ya baa 200. Tairi lako lina baa mbili na kidogo, sasa fikiria mia mbili. Ndo maana mtungi wake ni chuma kizito, wangu wa lita 60 ukiwa mtupu watu wawili wanaubeba wakihema.

Ya jikoni ni LPG, propani na butani, na hiyo haitoki Songo Songo wala Mtwara, inakuja na meli kutoka nje. Hiyo ukiigandamiza kidogo tu, chini ya baa 10, inageuka maji, ndo maana ukitikisa mtungi wa nyumbani unasikia inacheza humo ndani. Na ikitoka ikawa hewa inatanuka zaidi ya mara 200. Jambo la kulishika kabisa ni hili: gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu inapotea, LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini inalala. Kwenye gari inalala wapi? Kwenye shimo la tairi la spea, chini ya mazulia, miguuni kwa watoto.

Sasa sikwambii haya kwa kusoma tu. Mwaka jana kuna dereva mwenzetu alifungiwa hivyohivyo, tena na yeye alisifia kweli, kwamba nyie mnakesha kwenye foleni mimi nabadilisha mtungi dukani dakika tano. Siku hiyo mchana jua kali, tuko kwenye kijiwe chetu cha kuoshea magari, akaja kasi akapaki, abiria mama mmoja na mtoto mgongoni akashuka haraka amejifunika pua na khanga, anasema humu ndani kunanuka. Tukafungua buti. Kaka, mtungi ulikuwa umefungwa kwa mipira ya tyubu ya baiskeli, umelala ubavu, na ulikuwa unatoka jasho, yaani jua lote lile lakini nusu ya chini ya mtungi imelowa na ya baridi kama soda iliyotolewa kwenye friji, na mpira unaoenda mbele ni ule mpira wa jiko, wa plastiki, umebanwa na klipu ya bisibisi. Ule unyevu ulinionyesha kiasi cha maji ya gesi kilichobaki humo ndani, kama mstari uliochorwa. Na kichwa cha mtungi kwa jinsi ulivyolala kilikuwa chini ya ule mstari.

Unaelewa maana yake? Mtungi wa jikoni umetengenezwa usimame wima, juu inakaa hewa ya gesi, chini inakaa maji, na jiko linavuta ile hewa ya juu. Ukiulaza, kinachoingia kwenye mpira ni maji. Yale maji yakifika kwenye kifaa ambacho hakijatengenezwa kuyapokea yanatanuka mle ndani, presha inapanda, popote penye ulegevu panaachia. Na ukisema uusimamishe wima basi, nako kuna shida yake, injini inavuta gesi nyingi kuliko jiko mara nyingi sana, mtungi unapoa, presha inashuka, gari linaanza kukohoa mlimani. Afu mafundi hao wakiona gari linakohoa wanachezea regileta, wanaifungua zaidi.

Tulilisukuma lile gari mbali na watu mpaka uwanjani, tukafunga koki, tukafungua milango yote na buti, tukazuia mtu yeyote asiwashe sigara wala asiguse swichi. Ukisimama pembeni husikii kitu, hewa safi kabisa. Ila nilipoinama nikatoa tairi la spea ile harufu ilinipiga usoni, ilikuwa imelala mle shimoni imetulia. Tulikaa zaidi ya nusu saa ndo ikaisha. Na ile harufu kaka ni ya kuwekwa tu, gesi yenyewe haina harufu, wanaitia dawa ili binadamu aistukie, kwaiyo ukisikia harufu ujue hiyo ni kengele. Yule mama aliondoka akimshika mtoto wake mguu hivi, anampapasa kama anahakikisha yupo mzima. Sijaisahau ile picha, na jana niliposoma meseji yako nikamuona Nasra amekaa siti ya nyuma.

Sasa ili niwe mkweli kwako, LPG kwenye gari kama LPG sio kosa. Nchi nyingi wanatumia miaka na miaka, Italia, Poland, Uturuki, Korea Kusini, teksi za Hong Kong zinatembelea hiyo, na hata zile Toyota Crown Comfort za teksi Japani zilitoka kiwandani zikiwa za LPG. Tena ina raha zake, presha ndogo, mtungi mwepesi, wanao mmoja wa duara kama andazi unaingia kwenye shimo la spea na buti linabaki tupu. Lakini ule ni mtungi wa gari, umegongwa muhuri wa R67, kiwango cha kimataifa cha mitungi ya LPG ya magari, umefungwa kwa boliti kwenye bodi, una valvu inayokata yenyewe ujazo ukifika asilimia 80 maana yale maji yakipata joto yanatanuka na lazima yaachiwe nafasi, una valvu ya kufunga mpira ukikatika, una ya kupumulia presha ikizidi. Na gesi inatoka kwenye mtungi ikiwa maji kwa makusudi, inapita kwenye redyusa, kile kifaa cha kupunguza presha, inayopashwa na maji ya moto ya injini ndo inageuka hewa pale mbele. Vitu vyote hivyo kwenye laki sita na nusu ya huyo fundi havimo hata kimoja. Na hata ukiagiza seti nzima ya vifaa vya LPG kutoka nje ukafunga vizuri, hapa mjini utajazia wapi? Mimi nazunguka Dar kila siku kuanzia Bunju mpaka Gongo la Mboto na sijawahi kukuta sheli yenye pampu ya LPG ya gari, kwaiyo utarudi kwenye kumimina kutoka mtungi wa jikoni kwenda wa gari, kienyeji, nyuma ya duka, na hiyo ndo hatari kubwa kuliko zote.

Kwaiyo kwa Dar ukitaka gesi funga hii ya asilia. Ngoja nikwambie ilivyokuwa kwangu, mazuri na mabaya yake.

Mimi gari langu la IST nilifunga kwa milioni moja na laki tisa na mtungi wa lita 60. Huo ukijaa vizuri unaingiza kama kilo 10. Kilo moja nilipofunga tulikuwa tunanunua 1,550. Siku ya kawaida napiga kilomita 150, kwa foleni zetu hizi gesi inakwenda kama kilo 9, hiyo ni 13,950. Ningekuwa na petroli ningechoma kama lita 12 na nusu, uweke 2,900 kwa lita ya wakati huo, inafika 36,250, na hiyo bei unajua yenyewe inategemea EWURA, wale wasimamizi wa bei ya mafuta, wametangaza nini Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tofauti ni elfu ishirini na mbili na ushee kwa siku. Siku 85 za kazi hela ya kufunga ilikuwa imerudi, toka hapo Tumaini ada yake nalipa bila kukopa, na hilo kwangu ni jambo kubwa mno.

Ila wewe sio mimi. Wewe unatoka Mbagala unakwenda Posta, unawapitisha watoto shule, unarudi, tuseme kilomita 40. Kwako tofauti ni kama 6,000 kwa siku, kwaiyo milioni na laki tisa itakuchukua karibu siku 320 za kazi kurudi, yaani zaidi ya mwaka. Bado inalipa maana hilo Spacio huuzi leo wala kesho, lakini hakuna haraka ya kukufanya uingie kwenye mkato. Subiri hata miezi mitano uijaze hiyo hela, mchezo wa vikoba wa shemeji si unatoka mwezi wa nane.

Na uangalie kwanza wapi utajazia. Vituo viko vya aina mbili, kuna kituo mama kimeunganishwa na bomba, kama kile kikubwa cha TPDC, shirika la mafuta la serikali, pale barabara ya Sam Nujoma, na kuna vidogo ambavyo gesi inaletwa na lori. Hivi vya kuletewa ukifika lori halijaja mnakaa tu mnaangaliana. Foleni bado ipo kaka, siwezi kukuficha, mimi najaza saa tisa usiku, tunashuka wote kwenye gari, injini imezimwa, mama wa chapati anapita na chupa ya chai, madereva tunapiga stori. Na kuna kitu hukijui mpaka uingie, yakijazwa magari mengi mfululizo presha ya kituo inashuka, wewe wa mwisho unatoka na baa 150 badala ya 200, halafu gesi ikiingia haraka mtungi unapata moto, mshale unasoma 200 pale kituoni ila mtungi ukipoa unakuta mshale umeshuka. Sio umeibiwa wala haivuji, ndo ilivyo. Nenda usiku kuna ubaridi kidogo, unaingiza zaidi.

Sasa shida iliyonipata, na hii ndo nataka uikariri. Wiki ya kwanza baada ya kufunga, gari likawa linashtukashtuka nikikanyaga mafuta, mara linarudi lenyewe kwenye petroli. Niko Tabata Relini saa saba mchana, unajua joto la saa saba, nikafungua boneti nikakuta redyusa imeganda barafu. Barafu nyeupe kabisa kaka, kama ya kwenye friza, nikaigusa ikanishika kidole. Nilisimama pale sielewi barafu inatoka wapi Dar es Salaam mchana wote huu. Kumbe gesi ikitoka baa 200 ikashuka ghafla mpaka baa mbili inapoa vibaya sana, ndo maana redyusa lazima ipitishiwe maji ya moto ya injini kwa mpira unaounganishwa kwenye mipira ya hita. Fundi aliyenifungia aliunganisha ile mipira ila hakutoa hewa wala hakuongeza kulanti, yale maji ya kupozea injini, kwaiyo maji hayakuwa yanazunguka kwenye redyusa. Tukatoa hewa, tukajaza kulanti, barafu ikayeyuka, gari likatulia mpaka leo. Ningeendelea kukimbiza vile ningeua raba za mle ndani, na kwa kulanti iliyopungua vile hata injini ningeichemsha.

Ndo maana pia gari la gesi asubuhi linawaka na petroli kwanza, maji yakifika joto linahamia lenyewe, utasikia mlio mdogo "tik" na taa ya kwenye swichi inabadilika rangi. Usilazimishe kuwasha na gesi. Na usije ukaacha tenki la petroli likauke kwa kuwa unatembelea gesi, pampu ya petroli inapozwa na petroli yenyewe, wengi wameziua hivyo. Mimi robo tenki haishuki.

Siku ya kufunga kaa hapohapo gereji usiondoke, hata kama ni kutwa nzima. Wakishamaliza na kujaza gesi waambie wakuletee maji ya sabuni, au beba mwenyewe, piga povu zito kwa brashi kwenye kila nati, kuanzia mtungini, bomba la chuma lote linalopita chini ya gari, mpaka redyusa, mpaka pale pa kujazia. Mimi nilifanya hivyo, nati zote zilikaa kimya isipokuwa moja ya nyuma ya mtungi, povu likaanza kuvimba kidogokidogo, vitobo vidogo kama macho ya samaki, vinapasuka vinarudi. Fundi akasema hiyo ni ndogo tu haina shida. Nikamwambia sitoki hapa. Wakafunga gesi, wakaifungua ile nati wakakuta ile pete ya ndani imekaa upande, wakabadilisha, tukapiga povu tena likatulia. Usikubali mtu akwambie ni ndogo tu.

Mtungi wenyewe uusome kabla haujafungwa. Utakuta maandishi yamegongwa kwenye chuma au yameandikwa kwenye lebo, tafuta ISO 11439 au R110, hivyo ni viwango vya mitungi ya gesi asilia ya magari, tarehe ya kutengenezwa, na presha ya 200. Ukikuta rangi mpya imepakwa juu ya kutu au maandishi yamesagwa kwa grenda, ondoka. Wakupe na karatasi yenye namba ya huo mtungi, na uandike mwenyewe tarehe ya kuupima tena, kwa kawaida ni kila miaka mitano. Uliza pia wamefunga wapi lile tundu la kupumulia, litoke nje ya gari, lisiishie ndani ya buti.

Kwa gereji, mimi ningekushauri uanzie chuo cha ufundi cha DIT pale mjini, wanafunga na wanafundisha kazi hiyo, waulize maswali yako yote hata kama mwisho utafunga kwingine. Bei ukiona imeshuka sana kuliko wenzake uliza kilichopunguzwa ni nini, mara nyingi ni mtungi.

Mengine madogo. Nguvu itapungua kidogo, utaisikia ukipanda daraja umepakia, kwasababu gesi inachukua nafasi ya hewa kwenye injini. Sio ya kukutisha. Plagi zako angalia kabla, gesi inataka cheche yenye nguvu, plagi zilizochoka ambazo kwenye petroli zilikuwa zinakuvumilia kwenye gesi zitakusumbua, na koili vilevile. Ea klina safi. Kama taa ya cheki injini inawaka sa hivi, itibu kwanza gari likiwa la petroli, usimpe fundi wa gesi gari bovu maana kila kitu kitasingiziwa gesi. Buti kwako litapungua, huo ndo ukweli, begi za kwenda Lushoto Desemba utazifunga juu.

Sasa kuhusu huyo fundi wako, najua ni jirani na umeshamwambia ndio, na najua hutaki kumvunjia heshima. Mwambie tu rafiki yangu ameniomba nisubiri, mtupie lawama zote kwangu mimi. Kama umeshampa hela ya kianzio nambie ni ngapi, nitakuazima uiache iende, tutaidaiana polepole kama zamani tulivyokuwa tunadaiana nauli.

Jumamosi sitoki barabarani asubuhi. Njoo na Spacio saa mbili, tutaangalia plagi, kulanti na hiyo taa, afu nikupeleke na IST yangu uone mtungi ulivyokaa, ushike na bomba kwa mkono wako, na shemeji aje na watoto ile pilau iishe. Ila kaka nijibu leo, kabla fundi hajaleta huo mtungi hapo kwako.

Ndugu yako,
Baba Tumaini
Tabata